Chai ya Asubuhi Katika Nyumba ya Pembe

Agandi kwenu mlioko Mbarara mjini, Biharwe na Isingiro. Amahoro kwa ndugu zetu Warundi na Wanyarwanda. Asalaam aleikum kwa Wasomali wa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Na ninyi mliotoka Kivu, Katanga na Maniema, jambo sana. Watu wa Maniema hasa, leo sogezeni redio karibu. Kuna nyumba za mbali, nyumba za pwani ambazo wengi wenu hamjazitia machoni, lakini mababu zenu wana jasho lao ndani ya kuta zile.

Mada yetu ni hii: nyumba kongwe iliyo kando ya bahari, nyumba ya tajiri wa zamani, imegeuzwa gesti. Mgeni anafika na begi lake, anapewa funguo, analala ndani ya chandarua. Asubuhi anapanda ghorofa ya juu, anakunywa chai huku akitazama majahazi, analipa, anakwenda zake. Sasa utaniuliza, hapo kuna la kuzungumza? Lipo. Nalo nitaliuliza sasa, na nitalirudia baadaye, ili hata aliyechelewa kuwasha redio asipotee. Mgeni anapolipia usiku mmoja katika nyumba yenye historia, analipia historia ya nani?

Najua kuna mzee huko anacheka. Anasema, bahari gani hapa kwetu? Sisi tuna ng'ombe, tuna migomba, na ziwa letu la Nakivale lina viboko. Kweli, mzee wangu. Kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi lazima uvuke nchi nzima ya Kenya au ya Tanzania. Lakini nivumilie. Njia ninayoifuata leo inaanzia pwani, inapita Kongo, halafu inarudi papa hapa, kwenye barabara ya Masaka.

Haya, twende Unguja, Mji Mkongwe.

Ukishuka kwenye boti pale bandarini, unaona mstari wa majumba meupe yametazama maji. Mengi yalijengwa karne ya 19, wakati masultani kutoka Oman walipoufanya mji ule kuwa makao yao. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, yaani yale mawe yatokanayo na bahari, yameshikanishwa kwa chokaa na udongo. Dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Na hapa nataka fundi yeyote anayenisikiliza atege sikio. Boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Uwe tajiri namna gani, uwe na watumwa mia na pembe za ndovu ghala nzima, chumba chako cha kulala kilipimwa na mti wa kwenye tope la Rufiji au la Lamu. Mimi jambo hili hunifurahisha sana, sijui kwa nini.

Kama yupo msikilizaji mwenye asili ya Barawa au Kismayu, huyo hahitaji kuelezwa. Ukuta wa aina hii anaujua, na ubaridi wake wa mchana anaujua.

Nyumba hizi zina ugonjwa wake. Maji ya mvua yakipata upenyo juu, yanashuka ndani ya ukuta, yanafika mahali boriti ilipochomekwa, na boriti inaanza kuoza kutokea kichwani. Mtu wa chini haoni kitu. Anaona rangi imebanduka kidogo, anasema tutapaka mwakani. Siku moja dari inashuka. Na wengine huja na dawa mbaya kuliko ugonjwa: wanapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, wakidhani wameuimarisha. Ukuta wa chokaa unapaswa kupumua. Ukiufunika saruji umefanya kama kumvalisha mtu koti la nailoni kwenye jua la saa nane: jasho linabaki ndani, na kinachooza kinaoza bila kuonekana.

Dawa yake ni moja tu, nayo si siri. Nyumba ikaliwe, na anayekaa awe na fedha na nia ya kupanda juu kila mwaka kabla ya masika kuziba nyufa. Nyumba tupu hufa. Na nyumba iliyojaa watu wasio na uwezo wa kuitengeneza nayo hufa, ila polepole zaidi.

Mji Mkongwe uliyaona yote mawili. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wenye nyumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, serikali ikazichukua nyumba, familia nyingi zikaingizwa humo. Nyumba ya mwenye mali mmoja ikawa ya familia sita au saba, na paa likawa la wote, maana yake si la mtu. Hilo nasi tunalielewa, sivyo? Bomba la maji la watu wote, likivunjika, nani wa kwanza kutoa shilingi? Ikawa nyumba zinaanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi mji. Wakati huohuo Zanzibar ikaanza kufungulia watalii milango, na hapo watu wakagundua kwamba nyumba kongwe inaweza kujilipia matibabu yake. Jinsi gani? Kwa kuwalaza wageni. Mwaka 2000 UNESCO ikauandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na wageni wakazidi.

Kwa hiyo nianze kwa kuwatetea wenye gesti, kabla sijawauliza maswali. Bila wao majumba kadhaa leo yangekuwa kifusi. Angalieni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, kubwa kuliko yote pale ufukweni. Halikuwa gesti, lilikuwa makumbusho. Likachakaa, likafungwa. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Krismasi, wakati mafundi wako kazini kulikarabati, upande mmoja ukaporomoka na watu wawili wakafa. Jumba lenye jina duniani kote. Basi mtu akiniambia ni aibu kuifanya nyumba ya kihistoria kuwa mahali pa kunywea chai, namwambia aibu kubwa ni nyumba kumwangukia fundi.

Hapo nimemaliza utetezi. Sasa maswali.

Watu wa Maniema bado mpo? Haya.

Pale Mji Mkongwe, mtaa wa Hurumzi, kuna jumba refu lililogeuzwa hoteli. Juu kabisa kuna mahali pa kulia chakula, unakaa chini juu ya mito, unaona mji wote na bahari. Jumba hilo linatajwa kuwa lilikuwa la Tharia Topan. Ni nani huyu? Ni mfanyabiashara Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, alikuja Unguja angali kijana, akapanda mpaka akakabidhiwa ushuru wa forodha wa Sultani. Lakini kazi yake nyingine ilikuwa kukopesha. Alikuwa akitoa bidhaa kwa mali kauli kwa wakuu wa misafara ya kwenda bara: vitambaa, shanga, bunduki, baruti. Wao wanakwenda, wanakaa miaka, wanarudi na pembe, wanalipa deni na faida. Na mkubwa wa wakopaji wake alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Jina hilo halikustui. Nikikwambia Tippu Tip, je?

Ehee. Sasa mama mmoja wa Kasongo, kule Maniema, ameacha kuchambua maharage.

Tippu Tip ndiye aliyeitawala Maniema kwa bunduki na kwa ujanja, mpaka mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya gavana wake kule maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo. Uzeeni alirudi pwani, na akafariki Unguja mwaka 1905. Nyumba yake iko Shangani, karibu na bahari, na ilikaa miaka mingi ikiwa ya familia kadhaa za kawaida. Wageni hupelekwa pale kuitazama. Wanapiga picha mlango.

Mlango! Nimesoma na kusikia maelezo mengi ya nyumba hizi, na kila mara ni mlango. Mlango umechongwa maua, mlango una misumari ya shaba, mlango una ua la yungiyungi. Kisha kitanda cha mwinyi, kisha marashi, kisha karafuu. Hayo ni mazuri, sikatai. Lakini mlango ulinunuliwa kwa fedha gani?

Ulinunuliwa kwa pembe. Kutoka Kasongo mpaka Bagamoyo, hata ukiruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,300. Hakukuwa na lori, wala punda wa kutosha, na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kila pembe ilitembea juu ya bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, na pembe kubwa ilizidi hapo. Ikavushwa ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, ikashuka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo, ikapanda jahazi. Wengine walioibeba walikuwa wapagazi wa mshahara, Wanyamwezi hasa, watu waliojulikana kwa kazi hiyo na waliojua kudai haki yao njiani. Lakini wapo waliokuwa watumwa, waliotekwa kulekule pembe ilikotoka. Mwisho wa safari pembe inauzwa, na mara nyingine aliyeibeba naye anauzwa.

Na tusisahau soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya umati. Waliokufa walikuwa wengi, na wengi wao wanawake waliokuja na bidhaa zao. Mmisionari Livingstone alikuwapo, akaandika alichokiona. Hakuwa Tippu Tip aliyefanya hivyo, nasema kwa haki. Lakini ni biashara ileile, na njia ileile.

Nisikilizeni vizuri hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi tuichukie pwani. Hata Kiswahili hiki ninachozungumza nanyi, na mnachokitumia Juru, Rubondo na Base Camp kuulizana bei, kilifika Maniema kwa njia hiyohiyo ya misafara. Kimekuwa chetu. Anayetaka kukirudisha na akirudishe, mimi nakaa nacho. Ninachosema ni kwamba ile nyumba ya Unguja ina milango miwili. Mmoja ulichongwa, nao mgeni anaonyeshwa. Mwingine uko Kasongo, na huo haupigwi picha.

Turudie swali letu, kwa wale wanaojiunga sasa hivi: mgeni anapolipia usiku katika nyumba ya historia, analipia historia ya nani?

Kuna hoteli nyingine palepale ufukweni Shangani, inaitwa Tembo. Sehemu yake kongwe inatajwa kuwa ilikuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Wamarekani walifanya mkataba na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza akafika 1837. Walifuata nini? Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba, kile ambacho bibi zetu hadi leo wanakiita merekani au amerikani. Wakachukua pembe. Na pembe zilikwenda kwenye miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, mmoja Deep River, mwingine Ivoryton, kwenye viwanda vya kukata vibao vya piano. Kwa hiyo binti wa Boston aliyekuwa akijifunza piano jioni sebuleni kwao, vidole vyake vilikuwa vinagusa kitu kilichotembea begani kutoka Maniema. Hakujua. Nani angemwambia? Na mgeni wa leo, anayeogelea kwenye bwawa la hoteli ile na kunywa sharubati ya ukwaju, naye hajui mpaka aambiwe.

Nyumba nyingine nitazipita haraka. Africa House, ilianza 1888 ikiwa klabu ya Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Leo kila anayeweza kununua soda anakaa barazani kutazama jua likizama, na hayo ni maendeleo. Mambo Msiige, jumba la mfanyabiashara wa Kiarabu wa katikati ya karne ya 19, limekuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt tangu 2015. Ubavuni mwake likapandishwa jengo jipya, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikalalamikia ukubwa wake. Lamu nako nyumba nyingi za Shela zimenunuliwa na wageni wa Ulaya. Huko tungehitaji kipindi kizima.

Lakini ipo nyumba moja ambayo lazima tukae nayo kidogo. Haiko ufukweni hasa, iko Mkunazini, ndani kidogo. Inaitwa St Monica's. Wamisionari wa Kianglikana waliijenga iwe hospitali, jirani na kanisa kuu. Kanisa lenyewe lilijengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa, lile lililofungwa kwa mkataba wa 1873. Hospitali haiko tena. Jengo limekuwa nyumba ya wageni, ya kawaida tu, vitanda na vyandarua, bei isiyotisha sana. Na chini ya jengo hilohilo kuna vyumba viwili vya dari ya chini, ukiingia lazima uiname, ambavyo wageni huonyeshwa wakiambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaobisha, wanasema vyumba vile vilijengwa pamoja na hospitali, vikawa stoo. Wabishane, ndiyo kazi yao. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Mnyororo wenyewe ni wa kweli, wa zama zile. Na pembeni kuna maonyesho yanayoeleza biashara ya watumwa kwa maandishi na picha: nani aliuzwa, alitoka wapi, alipitishwa njia gani.

Mnaona tofauti? Pale mtu analala juu, anateremka, anakutana na habari yote, nzuri na mbaya. Bado anakunywa chai yake. Hakuna aliyemkataza kufurahi. Na gesti haijafilisika kwa kusema ukweli. Huwa nasikia wenye biashara wakisema, ah, mgeni amekuja kupumzika, usimletee habari za minyororo. Pale Mkunazini watu wanapanga foleni kuzisikia habari hizo, na wanalipa kiingilio.

Haya, turudi nyumbani.

Ukitoka Mbarara kuelekea Masaka, kama kilomita 12 hivi, kabla hujakaa sawa kwenye kiti, umefika Biharwe. Kushoto na kulia ni vilima. Kuna kilima cha mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Mnaijua hadithi: Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa anarudi na mifugo ya kupora, akafika hapa, mchana ukawa usiku, jeshi likatimua mbio, ng'ombe wakabaki Nkore, yaani Ankole. Nimewahi kumsikia mtu akisema ule ndio mgawo mkubwa zaidi wa mifugo kuwahi kutokea bila serikali.

Na hapohapo Biharwe kuna Igongo, kituo cha utamaduni chenye hoteli na makumbusho yanayoitwa Eriijukiro. Pahala penyewe panatajwa kuwa palikuwa uwanja wa ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Aliyepaanzisha ni mwana wa huku, James Tumusiime, yuleyule wa kampuni ya vitabu ya Fountain. Unalala, asubuhi unapata chai, mchana unakula kalo, ule ugali wa ulezi, na eshabwe, mchuzi wa samli, halafu unaingia makumbusho kuona vyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa, mikuki, vibuyu, na jinsi nyumba ya Mnyankole ilivyopangwa.

Bahari haipo. Lakini jambo ni lilelile, sivyo? Makao ya mwenye mamlaka wa zamani, leo ni mahali pa kulala mgeni. Na kwetu lina uzito wa pekee, kwa sababu falme zilipofutwa mwaka 1967, Ankole nayo ilifutwa, na nyingine ziliporudishwa mwaka 1993, Ankole haikurudi. Mrithi wa kiti, Barigye, alitawazwa Novemba mwaka huo, serikali ikakataa kumtambua. Jumba la Omugabe pale Kamukuzi, mjini Mbarara, kwa miaka mingi limekaa likichakaa, na wengi wenu mmelipita kwa bodaboda bila kugeuka. Linganisheni mahali hapa pawili. Pale palipowekwa kitanda na sufuria ya chai, historia inasimuliwa. Pale palipoachwa patupu, nyasi zinasimulia.

Sasa, nikiwa nimewauliza watu wa Unguja, sitawaogopa watu wa nyumbani. Swali letu lilelile. Historia ya nani? Vyanzi vinang'aa, vizuri kweli. Aliyekichonga kile chanzi ni nani? Aliyelima ulezi wa ile kalo? Mnajua, na wazee wa hapa wanajua zaidi, kwamba mabishano ya kuurudisha ufalme wa Ankole yana ndani yake habari ya wafugaji na wakulima, nani alikaa kwenye kiti na nani alikaa chini. Mgeni anayelala Igongo angefaidika kuisikia habari hiyo pia, ikasimuliwa na pande zote mbili mezani, eshabwe ikiwa katikati. Mimi ningelipa kuhudhuria.

Na nafasi ya Nakivale iko wapi katika haya?

Iko karibu kuliko mnavyodhani. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958. Hesabuni. Yapo majengo mengi ya gesti duniani yanayojiita ya kihistoria na ni madogo kwa umri kuliko makazi yetu. Tayari wageni wanakuja: watafiti, waandishi, wanafunzi wa vyuo, watu wa mashirika. Wanalala wapi? Wengi wanarudi Mbarara jioni. Wachache wanalala kwenye vyumba vya Base Camp, kitanda, ndoo ya maji ya moto, asubuhi chai ya maziwa na mandazi, au chapati na mayai. Yule mama mwenye vyumba vitatu nyuma ya duka lake hajui kama yumo katika biashara moja na wale wa Hurumzi. Yumo. Tena yeye ana kitu wasichokuwa nacho: mwenye kusimulia yuko hai, na ndiye anayemimina chai.

Basi ushauri wangu kwake, na kwa vijana wanaotaka kufungua kama yeye, ni mambo madogo. Paa kwanza, chumba chenye rangi nzuri na paa linalovuja ni hasara inayongoja mvua. Ukuta wa udongo usiukimbilize saruji kabla hujamuuliza fundi mzee. Halafu weka daftari. Andika humo nani alichoma tofali za nyumba hii, walitoka nchi gani, mwaka gani, na kabla ya hapo uwanja huu ulikuwa wa nani, maana wapo Wanyankole waliochunga hapa kabla yetu na majina yao hayajaandikwa popote. Mgeni akiuliza, fungua. Asipouliza, mwache anywe chai yake kwa amani.

Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, yakaandikwa, na leo tunayasoma. Wa mpagazi wake hatuna hata ukurasa mmoja. Tajiri alipata wa kumsikiliza.

Dakika zangu zinaisha, naona fundi mitambo ananionyesha kidole. Kwa hiyo nawapa kazi. Mwenye babu au bibi wa Kasongo, Nyangwe, Kabambare, au popote pale kwenye njia ile, amuulize alichosikia kwa wazee wake kuhusu misafara ya pembe: majina ya vijiji, majina ya watu, hata wimbo wa kubebea mzigo kama upo. Na mwenyeji wa Biharwe mwenye mzee aliyeishi enzi za Omugabe kabla ya 1967, naye amuulize. Leteni kwa sauti, kwa maandishi, au mlete mzee mwenyewe hapa studio. Nauli ya boda tutaichanga. Kipindi kijacho, saa hizihizi, nitaanza na mtakayoyaleta, kisha tutazungumza juu ya nyumba za Ujiji. Mimi nawaaga. Msikilizaji, kaa hapohapo, taarifa ya habari inafuata.